Chumba Ambacho Hakijajengwa: Uhalisia Pepe na Somo la Kubuni Jengo kwa Pamoja

Tuchukue mfano wa korido ya kituo cha afya chenye ghorofa moja. Wanafunzi wanne wa chuo kikuu wamepewa kazi ya kukibuni pamoja: mmoja anasomea usanifu majengo, wa pili uhandisi wa miundo, wa tatu mifumo ya maji na hewa, wa nne ukadiriaji majenzi, yaani hesabu za vifaa na gharama. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu msanifu ameweka mita 3.3. Mhandisi wa miundo ameweka biimu, yaani boriti ya zege, yenye kimo cha milimita 600, slabu ya sakafu ikiwemo, kwa kuwa ndivyo hesabu zake zilivyotoka. Zimebaki milimita 2,700. Chini ya biimu linapita bomba la majitaka la kipenyo cha milimita 110, linatoka vyoo vya juu. Majitaka hayapandi mlima, kwa hiyo bomba linashuka milimita 1 katika kila milimita 40. Likishasafiri mita 8 limeshuka 200. Chini ya bomba upo mfereji wa hewa wenye kimo cha milimita 350, na chini ya mfereji dari na taa, 50 nyingine. Ukitoa zote, kichwa cha mgonjwa kimeachiwa mita 1.99. Mlango wa wodi peke yake una mita 2.1.

Wakikaa mezani kila mmoja anatetea karatasi yake, na kila mmoja ana haki. Programu ya kutafuta migongano nayo inasema kazi ni safi. Kazi yake ya kawaida ni kuangalia kama bomba limepenya biimu au mfereji umekata ukuta, na hapa hakuna kilichogusa kingine. Kila kitu kimepita chini ya mwenzake. Mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, ungechorwa mahali hapo ungeonyesha tatizo, lakini mkato huonyesha pale tu mtu alipoamua kukata, na hapo hakuna aliyekata.

Sasa mvalishe mmoja wao miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya aone yupo ndani ya jengo lililochorwa na kompyuta, msimamishe mapokezi, mwambie atembee hadi wodini. Akifika chini ya ile dari anainamisha kichwa. Juu yake hakuna kitu, yupo katikati ya darasa tupu na anajua hivyo, lakini shingo inajikunja yenyewe. Wenzake waliokaa pembeni wakimtazama hawahitaji kuelezwa. Ubishi uliokuwa wa karatasi nne umekuwa wa korido moja.

Hapo ndipo ilipo thamani ya teknolojia hii kwa mwanafunzi wa ujenzi, na inasikitisha kwamba inapozungumzwa, mara nyingi husifiwa kwa uzuri wa picha. Watu huchanganya vitu vitatu: modeli (jengo lililoundwa ndani ya kompyuta), miwani, na kufanya kazi pamoja. Chuo hununua miwani kikidhani kimenunua ushirikiano. Mwalimu naye hudai modeli moja akidhani wanafunzi wataelewana kwa kuwa faili ni moja. Tuvitenganishe kwanza.

Modeli: ukuta unaojua kuwa ni ukuta

Bila modeli miwani haina cha kuonyesha. Mchoro wa kawaida wa kompyuta ni mistari. Programu haijui kwamba mistari miwili sambamba ni ukuta. Mwaka 1975 Charles Eastman, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza mfumo unaolihifadhi jengo kama mkusanyiko wa vitu. Katika mfumo wa namna hiyo ukuta una unene, una malighafi, una mlango ndani yake, na ukiusogeza ukuta, mlango unakwenda nao. Wazo hilo lilikua hadi likawa kile ambacho watu wa fani leo wanakiita BIM: modeli inayobeba taarifa za jengo pamoja na umbo lake. Serikali ya Uingereza ilianza kuidai katika miradi ya serikali kuu mwezi Aprili 2016. Mwaka 2018 zikatoka sehemu mbili za kwanza za kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kinachoeleza nani anampa nani taarifa gani, na katika hatua gani ya mradi.

Kila fani ina programu yake. Msanifu anaweza kuwa kwenye Archicad, mhandisi kwenye Tekla, wa mifumo kwenye Revit. Ili zisomane kuna muundo wa faili ulio wazi kwa wote unaoitwa IFC, chini ya shirika la buildingSMART. Unafanya kazi ambayo Kiswahili kinaifanya Kariakoo: Mhaya, Mchaga na Mmakonde kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini mzigo unauzwa kwa Kiswahili. Na kama ilivyo sokoni, kuna maneno hupotea njiani. Mlango uliotengenezwa kwa ustadi kwenye programu moja unaweza kufika kwenye nyingine ukiwa bonge la umbo lisilofunguka. Mwanafunzi asipokutana na jambo hili mapema, atakuja kuilaumu miwani kwa kosa la faili.

Miwani: jicho linadanganywa kwa kipimo

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hadi kikashikiliwa na nguzo iliyoning'inia darini. Picha zake zilikuwa mistari mitupu, na mojawapo ilikuwa chumba. Basi safari ya teknolojia hii na majengo ni ya zamani. Kilichobadilika ni bei na uzito. Kampuni ya Oculus ilichangisha fedha za miwani yake ya Rift mwaka 2012, Facebook ikainunua mwaka 2014, na mwaka 2019 ikatoka Quest, isiyohitaji kuunganishwa na kompyuta yoyote. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua milango ya madarasa.

Jicho linakubali kwa sababu mbili. Kila jicho linapewa picha yake, na picha hizo zinapishana kidogo kama macho yenyewe yalivyoachana, wastani wa milimita 63 hivi. Halafu, kichwa kikigeuka, vihisi vinapima, prosesa inachora upya na kioo kinawaka, yote ndani ya milisekunde 20 hivi, na picha mpya inakuja mara 72, 90 au zaidi kila sekunde. Ikichelewa, mwili unaasi. Macho yanatoa taarifa moja, sikio la ndani linalotunza mizani ya mwili linatoa nyingine, na kichefuchefu huanzia hapo. Ni kinyume cha abiria wa boti ya Zanzibar siku ya mawimbi: yule mwili unayumba huku macho yameganda kwenye simu, huyu macho yanasafiri huku miguu imesimama. Ndiyo maana mwalimu anayejua kazi yake humwacha mwanafunzi atembee kwa miguu yake pale nafasi inaporuhusu, au aruke kutoka nukta hadi nukta kwa kubonyeza kitufe. Kumtelezesha kwa kijiti cha mkononi kupitia korido ndefu ndiyo njia ya haraka ya kumtoa darasani akiwa ameshika tumbo.

Kasi hiyo ina gharama. Modeli ya jengo halisi imebeba kila bawaba na kila bolti, na miwani inayojitegemea ina prosesa ya aina ya simu. Lazima modeli ipunguzwe uzito kabla ya kuingizwa: bawaba ziondoke, nondo zilizo ndani ya zege zifichwe, miti ya bustani ipunguzwe majani. Kuamua nini kibaki na nini kitoke ni somo tayari, maana mwanafunzi analazimika kujiuliza kikao cha leo kinajadili nini.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Watu ndani ya miwani huona umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Watafiti wamelipima hili kwa miongo kadhaa. Vifaa vipya vimepunguza kosa, ila halijaisha. Isitoshe, miwani mingi hufungua uwanja wa kuona wa nyuzi 90 hadi 110 hivi, wakati macho matupu hukamata karibu 200. Kwa hiyo mwanafunzi akisema "ukumbi huu unabana," asiaminiwe hadi atoe tepu ya ndani ya programu apime. Yale yanayougusa mwili kwa karibu ndiyo ya kutegemea zaidi: dari inayokaribia kichwa, ngazi isiyo na pa kushika, kona ambayo machela haikati.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kaunta. Programu nyingi huruhusu kushusha kimo cha macho ya aliyevaa. Yashushe hadi mita 1.15, karibu na macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, kisha mpeleke msanifu kwenye mapokezi aliyoyabuni mwenyewe. Kaunta ya mita 1.2 aliyoiona kuwa mahali pa kuegemeza kiwiko imegeuka ukuta. Karani haonekani. Mkono ulionyooshwa na cheti unapaa juu ya ukingo bila kujua unampa nani. Ramani ingeweza kumwambia kimo hicho, na kanuni zimeandikwa, lakini nadhani hakuna mwanafunzi anayeisahau kaunta baada ya kukaa mbele yake namna hiyo.

Pamoja: hapa ndipo penye ugumu

Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti, walionyesha CAVE, jina linalosomeka kama pango kwa Kiingereza. Ni chumba cha kama mita 3 kila upande, picha zikimulikwa ukutani na sakafuni, na watu kadhaa wakiingia kwa pamoja na miwani myepesi. Waliweza kutazamana usoni, kuonyeshana kidole, kucheka. Lakini kompyuta ilifuata kichwa cha mtu mmoja tu. Yeye pekee ndiye aliyeona picha sahihi, wengine waliona iliyopinda kidogo. Miwani ya leo imegeuza mambo: kila mmoja anaona picha iliyo sahihi kwake, ila uso wa mwenzake umefichwa, mahali pake ipo avata, umbo la kompyuta linalomwakilisha, yenye mikono inayoelea. Kila njia imetoa kitu na kuchukua kitu. Kwa somo la ushirikiano, kupotea kwa uso si jambo dogo. Wabunifu husoma shaka usoni mwa mhandisi kabla hajafungua mdomo.

Ndiyo sababu sioni aibu kwa darasa lisilo na miwani ya kila mtu. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, John Messner na wenzake walikuwa wakiwafundisha wanafunzi kwa skrini kubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliwapa chumba cha kinu cha nyuklia, kilichojaa mabomba na mitambo, wapange kipi kisimikwe kwanza na kipi kifuate. Wanafunzi walisimama bega kwa bega mbele ya chumba kilekile, wakibishana kuhusu mpangilio wa kazi. Ubishi ndio uliokuwa somo.

Chuo Kikuu cha Stanford kimekwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1993 Renate Fruchter amekuwa akiongoza kozi ambayo mwanafunzi wa usanifu, wa miundo na wa usimamizi wa ujenzi hufanya timu moja, wengi wao wakiwa vyuo tofauti vya nchi tofauti, vya Weimar, Ujerumani, na Ljubljana, Slovenia, vikiwemo, na wanabuni jengo moja kwa miezi kadhaa wakiwa mbalimbali. Kozi hiyo imepitia kila kifaa kilichotokea njiani, kuanzia barua pepe hadi ulimwengu pepe ambamo wanafunzi hukutana kama avata. Vifaa vimebadilika kwa miaka 30. Kanuni ya kila mtu kushika fani yake na kuitetea mbele ya wengine imebaki.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuitazama kanuni hiyo kwa makini. Tanzania mhandisi anasajiliwa na bodi yake, msanifu na mkadiriaji majenzi na bodi nyingine. Chuo Kikuu Ardhi, kinachofundisha wasanifu na wakadiriaji, kinapakana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha wahandisi. Mwanafunzi anaweza kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu. Studio ya pamoja hapo haihitaji ndege wala viza. Na kwa vyuo vilivyo mbali, tuseme Nairobi na Kigali, kuna habari njema ambayo wengi hawaijui kuhusu intaneti.

Wanapokutana watu wanne ndani ya modeli moja, modeli haisafiri kati yao kila sekunde. Kila miwani ina nakala yake, iliyopakuliwa mapema, hata usiku wa kuamkia kikao pale mtandao ulipotulia. Kinachosafiri wakati wa kikao ni mahali kilipo kichwa na mikono miwili, na vinaelekea wapi: namba sita kwa kila kimoja, 18 kwa jumla. Kila namba ikichukua baiti 4 na zikitumwa mara 30 kwa sekunde, ni kama kilobaiti 2 kwa sekunde. Sauti inaongeza kilobaiti chache. Kikao cha video kwa kawaida hula zaidi ya hapo mara nyingi. Kwa hiyo chuo kinachohofia intaneti yake kihofie zaidi umeme, na kihofie kwamba hakuna aliyekumbuka kuchaji miwani.

Namna ya kulipanga somo

Kosa la kwanza ni kuileta miwani mwishoni, siku ya kutetea kazi mbele ya jopo. Hapo jengo limeshaamuliwa na miwani inakuwa maonyesho. Iingie mapema, modeli ikiwa bado masanduku matupu ya kijivu bila rangi wala vigae, kwa sababu wakati huo mtu anaweza kusema "tuiondoe ngazi hii" bila mwenzake kuona wiki zake tatu zimetupwa. Picha nzuri mno hufunga midomo.

Miwani moja inatosha kuanza. Mmoja anavaa; picha anayoiona inatupwa ukutani kwa projekta; wa pili anamwongoza kwa maneno, wa tatu ameshika modeli kwenye kompyuta, wa nne anaandika. Baada ya dakika 15 wanabadilishana. Kubadilishana huko ndiko kunakofundisha, na kubadilishana nafasi kusiishie kwenye vifaa: mhandisi wa miundo atembee kama muuguzi anayesukuma kitanda cha wagonjwa, msanifu apande darini kama fundi bomba aliyeitwa kuzibua, aone kama kuna pa kupitisha mkono. Fundi bomba wa kweli akipatikana, aalikwe avae yeye. Dakika zake tano zitawafaa wanafunzi kuliko mhadhara.

Anayeandika ana kazi nzito kuliko inavyoonekana. Ndani ya miwani watu huongea sana na kukumbuka kidogo; wakivua, kila mmoja ana kumbukumbu yake ya kilichokubaliwa. Kuna muundo wa faili uitwao BCF uliotengenezwa kwa ajili hiyo: unabeba picha ya mahali penye tatizo, mahali macho yalipokuwa, utambulisho wa vitu vinavyohusika, na maelezo ya aliyeliona. Mwenzake akiufungua kwenye programu yake anapelekwa palepale. Kama programu haipo, daftari linatosha, mradi kila uamuzi uwe na jina la aliyeukubali na sababu yake. Ningemsahihisha mwanafunzi kwa daftari hilo kabla ya kuangalia jengo.

Kuna yasiyofundishika humo. Zege halina uzito ndani ya miwani. Nguzo ya kipenyo chochote itabeba ghorofa kumi bila kulalamika. Kokoto zilizojitenga na saruji kwa sababu mtu hakushindilia vizuri hazionekani. Gharama hazionekani. Mwanafunzi aliyezoea kuisogeza biimu kwa kidole anahitaji kupelekwa saiti siku ya kumwaga zege, asimame pale vibarua wanapopandisha ndoo, aone jinsi jambo lililoamuliwa linavyogoma kubadilika.

Turudi kwenye korido. Wanne wale wamemwona mwenzao akiinamisha kichwa, na sasa wanazungumza. Msanifu anapendekeza sakafu ya juu ipandishwe milimita 400. Mkadiriaji anafungua modeli na kuonyesha kwamba hiyo ni kuongeza kuta, nguzo na ngazi za jengo zima kwa ajili ya bomba moja. Mhandisi wa miundo anasema anaweza kuacha tundu katikati ya kimo cha biimu, mbali na ncha zake ambako nguvu za kukata ni kubwa, lakini liwekwe kabla ya kumwaga zege na lisije likatobolewa na mtu baadaye. Wa mifumo, aliyekuwa kimya, anaomba avae miwani. Anapanda juu, anasimama chooni, anatazama chini kupitia slabu waliyoifanya ionyeshe kama kioo. "Nguzo ya kona ipo hapa, mita mbili," anasema. "Mkinisogezea vyoo hadi hapa, bomba halivuki korido kabisa."

Msanifu anasita, vyoo vile vilikuwa na dirisha la upande wa mashariki alilolipenda. Anavaa, anasimama kwenye choo kipya, anageuka polepole akitafuta pa kuingizia mwanga. Anapata upenyo juu ya mlango. Bomba linashuka kando ya nguzo, chini ya biimu unabaki mfereji na dari peke yake, na dari ya korido inasimama mita 2.30. Mkadiriaji anaandika majina manne na tarehe, kisha anauliza nani anakwenda kurekebisha faili.